Mpishe Anayepanda

Baiskeli yako ni ya gia, Chitanda, nimeiona.
Imekuja na pesa ya korosho za mnada wa pili,
ina springi mbele, ina matairi yenye meno kama ya kenge.
Hongera. Sasa sogea, nikwambie habari za mteremko.

Njia ya kushuka bondeni kutoka Newala
haikuchongwa kwa ajili ya magurudumu.
Ilichongwa na nyayo za waendao majini,
miguu mitupu, alfajiri, miaka mingi
kabla baba hajanunua Foniksi yake nyeusi.
Ni nyembamba kama mshipi.
Kulia mwamba, kushoto hewa,
na chini kabisa Ruvuma,
uzi mweupe uliomponyoka mshonaji.

Mimi nilikuwa nashuka bila breki.
Si kwamba hazikuwepo: niliona aibu kuzishika.
Vijana wa Kitangari walikuja kutuhesabia
dakika ngapi toka juu hadi mkorosho wa mwisho,
na aliyepiga kengele tulimwita bibi harusi.

Siku hiyo, kona ya tatu, Somoe Nambunga.
Ndoo ya lita ishirini kichwani, mtoto mgongoni,
mkono mmoja kwenye ndoo, mwingine kwenye jiwe.
Sikumgonga. Nasema hivyo hadi leo: sikumgonga.
Alijibana tu mwambani,
mimi nikapita kwangu, ndoo ikaenda kwake.
Nilisikia maji yakinifuata kwenye mchanga mwekundu
mpaka yakakata tamaa.

Hakutukana. Alikuja nyumbani jioni na ndoo tupu,
akaiweka mbele ya mama, akasema,
"Hii ilikuwa imejaa."
Baba akatoa noti. Somoe akaitazama
kama mwenye njaa aliyeoneshwa picha ya ugali.
"Noti hainyweki. Kesho ashuke nayo yeye."

Nikashuka. Kwa miguu. Nikachota.
Wewe hujui, Chitanda, shingo ina mifupa mingapi
mpaka uipandishe na maji mlima ule.
Hujui kwamba anayepanda haoni juu,
anaona vidole vyake na hatua moja mbele;
kwamba maji yana akili yake, ukiyumba nayo yanayumba;
kwamba kusimama ni kazi kuliko kwenda.
Kona ya tatu nikasikia tairi,
mlio tu, kama kanga inayochanwa.
Kengele hakuna.
(Nani aliwafundisha? Mimi.)
Nikajibana pale pale alipojibana yeye.
Mwamba pale umelainika, una kishimo
kinachoenea mgongo sawasawa.
Haukuwa mgongo wa kwanza, wangu.

Basi piga kengele kabla ya kona, si ndani ya kona.
Ukiona ndoo, shuka.
Sisemi upunguze mwendo, nasema shuka,
mguu chini, mwachie yeye mwamba,
wewe chukua upande wa hewa: ndiwe mwenye breki.
Mvua ikinyesha usiburuze gurudumu la nyuma.
Huo mfereji unaouchora leo kwa raha zako
masika utakuwa korongo,
na mtu atauruka usiku akimkimbilia mkunga.
Mbuzi naye hajui sheria, mngoje.
Na usimwachie mtu vumbi pasipo salamu,
hata kama pumzi imebaki ya herufi mbili.

Siku hizi bomba limefika, ndiyo.
Likikauka, njia ni ile ile.
Juzi nilikuwa nashuka na gunia la mihogo
nikamwona anapanda, ndoo ndogo sasa, ya lita kumi.
Nikasimama upande wa hewa, nikashika breki zote mbili.
Hakushukuru, na kwa nini ashukuru?
Alipofika usawa wangu alinyoosha kidole,
akaigusa kengele yangu, kri, mara moja,
kama mtu anayehakikisha kwamba bado inalia,
akaendelea kupanda.